Isimila, Iringa: lipia mwongozaji, shuka hadi chini

Wengi wetu tunaopita Iringa kwenda Mbeya tunaijua Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale na nguzo ndefu za udongo, kwa kibao tu, kilomita kama 20 baada ya mji. Mwaka huu dada yangu anayeishi Kihesa alinishikia bango mpaka nikakubali kushuka.

Daladala za kuelekea Ifunda na Mafinga zinakuacha njia panda, unamalizia kwa miguu. Sisi tulikwenda kwa bajaji, na dereva alipotufikisha akadai pesa nyingine ya kusubiri. Kabla hujapanda, patana naye bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni kutoka nje.

Makumbusho ya pale ni madogo lakini usiyaruke, maana bila hayo huko chini utaona mawe tu. Kuna shoka za mkono na zana za kukatia na kuparulia, kazi ya watu walioishi kando ya ziwa dogo lililokauka zamani mno. Makadirio yanafika miaka 260,000 hivi. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliokota baadhi ya zana hizo, kisha mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akaja kuchimba na wenzake. Yalipatikana pia mabaki ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa, hata akizama mwili mzima bado anaona. Hapo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Unashuka kwanza korongo lenye zana, nyingine zimelala chini ya banda palepale zilipokutwa. Baada ya mwendo mfupi ndipo unafika kwenye nguzo, na picha za mtandaoni hazizitendei haki. Ukizitazama kutoka juu ni nzuri, basi. Ukisimama chini katikati yake, shingo inauma kwa kuangalia juu.

Mwongozaji wetu alieleza vizuri. Mchanga na udongo wa ziwa lile vilijipanga tabaka kwa tabaka, kisha mvua na kijito vikaanza kuchimba. Palipokuwa na tabaka gumu juu, udongo laini wa chini ulisitirika kama mtu aliyejifunika mwavuli. Pembeni kote pakasombwa. Nguzo nyingine bado zina kofia zake za jiwe. Mmomonyoko huohuo ndio uliozifukua zile zana, na kazi haijaisha: maji yanaendelea kuzila nguzo.

Ndiyo maana nilikereka kuona majina ya watu yamechorwa kwa misumari kwenye kuta. Ukipapasa tu, mchanga unabaki kwenye vidole. Sasa huyo anayechonga jina lake na la mpenzi wake anadhani litadumu?

Nenda asubuhi au jioni. Jua la saa sita linapiga korongoni hakuna kivuli, na picha zinatoka zimepauka. Saa kumi na moja ule wekundu wa udongo unakolea. Vaa raba, ndala ziache nyumbani, na beba maji. Kuanzia Desemba hadi Aprili njia ya kushukia inateleza, na kijito huweza kujaa. Mama yetu ana magoti mabovu, hakushuka. Alibaki juu na hakulalamika, ila kwa kweli sehemu kubwa ya uhondo ilimpita.

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya miteremko, maana wazee na watoto wadogo watapata shida.

Siku ikibaki, unganisha na Kalenga, kijiji cha karibu na Iringa, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, linapotunzwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Anza na Isimila lakini. Kalenga unatazama ukiwa chini ya paa, hata mchana wa jua kali hakuna neno.