Darasa la kufinyanga mezuza: nenda, lakini beba rula

Nililipa dola 160 kwa jioni nne, hapa Chicago, kwenye karakana inayofundisha kufinyanga vyombo vya ibada ya Kiyahudi. Wengine walitaka sahani ya Pasaka au kikombe cha Kidushi, yaani baraka ya Shabati juu ya divai. Mimi nilitaka mezuza tu, kile kikasha cha mlangoni kinachobeba karatasi ya ngozi yenye Maandiko. Nyumbani Nyandarua, Kenya, kwa Wayahudi wachache wa Kasuku, yetu ilikuwa mrija wa plastiki, na tangu utotoni nilitamani mlango wangu upate kitu cha mikono yangu.

Fundi anaujua udongo, hilo simnyimi. Unatandaza bamba, unalizungushia kijiti, unaziba upande mmoja, kisha unachora shini, herufi ya Kiebrania iwekwayo juu ya mezuza, kwa ncha ya sindano. Nilipoichora mikono ilinitetemeka. Imeandikwa katika Kutoka 15:2, "Yeye ni Mungu wangu, nami nitamsifu", na marabi tangu zamani wanaisoma kwamba amri ya Mungu ifanywe kwa uzuri. Jioni ile niliielewa kwa vidole.

Sasa malalamiko. Udongo wetu ulinywea asilimia 12 baada ya moto wa pili, wa nyuzi 1,220 hivi za Selsiasi, na hakuna aliyetuonya. Nilikata sentimita 11, ikatoka 9.7. Karatasi yangu ya ngozi, yenye aya za Kumbukumbu la Torati 6 na 11 kwa mkono wa mwandishi, ina sentimita 10. Huwezi kuipunguza, ukikata herufi moja tu umeiharibu. Jirani yangu wa mezani ndiye aliyeumia zaidi: kikombe chake cha Kidushi kilipungua karibu theluthi ya ujazo, kikabaki na mililita 75, wakati kipimo kidogo cha divai ya Kidushi kinachokubalika na wengi ni 86. Kizuri mno, ila cha kunywea kahawa.

Nililipa tena dola 20 za udongo na moto, nikakata sentimita 12. Safari hii ikaingia bila kusukumwa. Glezi, ule mpako unaogeuka kioo motoni, nilichovya nyepesi, maana ikiwa nzito inayeyuka na kuizamisha shini.

Imepigiliwa mlangoni, mwimo wa kulia, imeinama kidogo kuelekea ndani. Ile fupi nimeisimamisha jikoni, inashika njiti ndefu za kuwashia mishumaa ya Shabati.

Nyota nne. Ya tano nitawapa siku watakapobandika ukutani kiasi ambacho udongo wao hunywea.