Google Cloud ya Johannesburg, vile inafanya kazi ukiwa Kisumu

Sisi tuko na agrovet karibu na soko la Kibuye na mfumo wetu wa stoki ulikuwa unakaa kwa seva za Ubelgiji, sasa mteja ameshika chupa ya dawa ya kupe, unabonyeza uuze, kale kaduara kanazunguka tu na foleni inakua. Google walifungua kituo cha Johannesburg cha Google Cloud, yaani seva zao unazokodi kupitia intaneti, Januari 2024, chao cha kwanza Afrika, tukahamia huko na aki tofauti unaiona kwa macho, risiti inatoka hata kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Nawapa nyota 4.

Kitu inaumiza biashara ndogo ni vile bei za klaudi (hizi seva za kukodi) karibu zote zinapangwa kwa dola, shilingi ikiteleza unalipa zaidi kwa kazi ile ile. Na fiba ya mtaa ikikatwa, ndio basi.

Mimi nangoja sana klaudi ya Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, walitangaza Mei 2024 dola bilioni 1 na kituo cha data cha Olkaria cha kutumia stima ya mvuke wa ardhini, hapo Naivasha tu. Wakimaliza ntaijaribu, nataka data ya wateja wetu ikae Kenya.