Matembezi ya kesi ya ndoa Des Moines: nyota nne, ya tano wameipoteza mwishoni kabisa

Jumamosi nlienda na jirani yangu, mama mmoja Mkongo namwita dada, kwenye yale matembezi ya miguu yanayohusu kesi ya ndoa za jinsia moja ya hapa Iowa, Marekani, Varnum dhidi ya Brien. Jina la wanaoyaendesha siweki maana huko chini ntawalaumu na ni watu wachache wanajitahidi. Dola 15 kila mtu, masaa mawili, vaeni viatu vya kutembea.

Kwanza niwasifu kwa walipoanzia. Nlidhani tutapelekwa moja kwa moja mahakamani, kumbe tunaanzia Court Avenue mjini kati, zilipo ofisi za kaunti ya Polk. Na ndo penyewe, kesi hii ilizaliwa kaunta. Jozi sita za wapenzi walienda kuomba leseni ya ndoa kama mtu mwingine yeyote wakaambiwa hapana, sheria ya jimbo inasema mume na mke tu, basi 2005 wakafungua kesi, na huyo Brien wa kwenye jina la kesi wala sio mwanasiasa mkubwa, ni msajili wa kaunti. Sisi tuliohamia huku kaunta tunazijua. Unafika na karatasi zako zote zimetimia halafu mtu anakuangalia anakwambia hii haikuhusu. Dada alinishika mkono tu pale, hakusema kitu.

Hapohapo muongozaji akatusimulia Agosti 2007. Jaji Robert Hanson wa mahakama ya chini alitoa hukumu tarehe 30 kwamba katazo lile linavunja katiba ya jimbo, kesho yake asubuhi watu wakajaa kwa msajili, mchana jaji mwenyewe akaisimamisha hukumu kusubiri rufaa. Ni masaa machache tu yani, na ni vijana wawili, wanafunzi, peke yao waliowahi kufunga ndoa kabla mlango haujafungwa. Wengine walikuwa tayari wameshaomba leseni. Aliisimulia taratibu sana, mpaka ukawa unaiona ile foleni.

Halafu mnavuka mto, barabara ni ileile Court Avenue, mpaka jengo la mahakama ya juu ya jimbo, upande wa bungeni. Hapa ndo pesa yangu ilirudi yote. Alitueleza hukumu ya Aprili 3, 2009 iliyoandikwa na Jaji Mark Cady, majaji saba wote kauli moja kwamba katazo linavunja katiba, wakati kwenye kesi kama hii Massachusetts 2003 walishinda kwa majaji wanne dhidi ya watatu, Connecticut 2008 hivyohivyo, New York 2006 walishindwa kabisa. Na kwamba Cady hakuanza na ndoa, alirudi kwenye kesi za zamani za Iowa yenyewe. 1839, Ralph, mtumwa wa Missouri aliyekuja kuchimba madini ya risasi Dubuque ili alipe dola 550 za kujikomboa, bwana wake akataka kumrudisha, mahakama ikasema ni mtu huru. 1868, binti mweusi Susan Clark akafunguliwa mlango wa shule ya wazungu. 1873, mwalimu Emma Coger aliyetolewa kwenye meza ya chakula ndani ya meli kwa ajili ya rangi yake, akashinda. Mimi kwetu Zanzibar, 1873 ni mwaka soko la watumwa lilipofungwa, nliposikia ule mwaka nlisisimka mwili mzima jamani.

Sasa lawama. Novemba 2010 muongozaji kaipa dakika mbili! Hapa majaji wa juu wanateuliwa na gavana halafu baadae wananchi wanapiga kura abaki au aondoke, na mwaka ule Jaji Mkuu Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker wote watatu walitolewa kwa sababu ya hukumu hii. Utaratibu huo ulikuwepo tangu miaka ya sitini na hakuna jaji wa mahakama hiyo ya juu aliyewahi kutolewa kabla yao. Watu wamepoteza kazi kwa kusaini walichoamini katiba inasema, na watu wameoana mpaka leo kwa hizo saini, halafu muongozaji anasema tu "watatu hawakurudi" anaanza kutuaga. Nlimuuliza, akasema muda umeisha. Sio sawa. Wapunguze zile dakika ishirini za ujenzi wa madaraja ya mto, hakuna aliyekuja kwa ajili ya madaraja.

Pia ni Kiingereza tupu, ila ukimwomba apunguze kasi anapunguza, na dada aliyeelewa nusu tu alisema atarudi. Mimi pia, na mwanangu wa miaka kumi na sita, na safari hii swali la 2010 ntaliuliza kulekule kaunta kabla hatujaanza kutembea.