TAHADHARI: Krimu ya mba ya "siku tatu" inayouzwa Kampala

Ndugu zangu mnaonunua dawa za mba kwenye stendi za teksi, sokoni Owino, au kuletewa na boda baada ya kuagiza kwa WhatsApp, someni hili kabla hamjatoa pesa.

Kuna muuzaji anayezungusha kikopo cheupe cha krimu kisicho na lebo. Maneno yake ni yale yale: "Nnyabo (yaani mama), paka siku tatu tu, mba kwaheri." Hizo siku tatu ndizo za kukushtua. Mba huchochewa na fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye kichwa cha kila mtu na kula mafuta ya ngozi. Dawa halali humpunguza polepole: shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ya asilimia 2 hutumika mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Krimu inayokata muwasho kwa usiku mmoja, mshuku muuzaji kwamba ametia steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli. Hiyo hutuliza ngozi bila kumgusa fangasi. Ukiacha kupaka, muwasho unarudi, nawe unarudi kwake na pesa nyingine. Ikipakwa kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inaanza kuonekana. Daktari huweza kuandika steroidi kwa siku chache, lakini yeye anajua nguvu yake na siku ya kuikomesha.

Watoto wasipakwe kabisa. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka nywele si mba, ni choa. Steroidi huyaficha yakiendelea kuenea, na hata shampuu peke yake haiyaponyi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kliniki.

Muuzaji huyo huyo ana shampuu ya "hospitali" kwenye chupa za maji ya kunywa. Haina namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, na huwezi kujua imeongezwa maji kiasi gani. Ana pia vidonge vya ketokonazoli vya "kutoa mba kutoka ndani". Hivyo msimeze, tafadhalini! Vinaweza kuharibu ini, na mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipendekeza visitishwe kwa magonjwa ya fangasi.

Nunueni famasia yenye leseni ya NDA (mamlaka ya dawa ya Uganda) iliyobandikwa ukutani, chupa ikiwa na kizibo kisichofunguliwa. Lowesha nywele, paka shampuu kwenye ngozi ya kichwa, subiri dakika 3 hadi 5, kisha suuza vizuri. Wengi husuuza papo hapo, halafu wanasema dawa ni feki. Ukiwa umesuka, hakikisha inafika kwenye mistari. Ikishindikana, fumua kwanza. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi. Shampuu nyingine ya mba, ile ya seleniamu salfaidi, huharibu pete na hereni, kwa hiyo zivue, na usiitumie siku mbili kabla au baada ya kutia nywele rangi au dawa ya kulainisha. Kichwa kikishatulia, ketokonazoli mara moja kwa wiki au kila wiki mbili inatosha.

Mliokwisha kupaka krimu hiyo kwa wiki kadhaa, msikitupe kikopo. Nendeni nacho kliniki, kwa sababu muwasho unaweza kurudi kwa nguvu mkiacha, na baadaye kipelekeni NDA pamoja na namba ya simu mliyoagizia.