Kuhamisha umiliki wa diski katika ONTAP baada ya kubadilisha kidhibiti

Mtambo wa kuhifadhi data hupimwa siku kidhibiti chake, yaani kompyuta inayoziendesha diski zake, kinapokufa na kipya kufungwa mahali pake. Kwa kipimo hicho naupa ONTAP, mfumo endeshi wa mitambo ya kuhifadhi data ya kampuni ya NetApp, alama za juu, ingawa si zote.

Katika mfumo huu, umiliki wa diski huandikwa ndani ya diski zenyewe kwa namba ya utambulisho ya kidhibiti. Kidhibiti kipya huja na namba yake, kwa hiyo kinapowashwa hukuta diski zote zingali zinataja namba ya mtangulizi wake, na hakiruhusiwi kuzitumia. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu. Mimi nauona ni ulinzi, kwa sababu vidhibiti viwili vikiandika kwenye diski moja bila kujuana, data huharibika kwa namna ambayo hata RAID, mbinu ya kulinda data kwa kuitawanya kwenye diski kadhaa, haiwezi kuirekebisha.

Vidhibiti vikiwa jozi, kazi ni nyepesi. Kilicho kizima huwa kimekwisha kuzichukua diski za mwenzake na kinaendelea kuwahudumia watumiaji. Kipya huuliza kama kipokee namba iliyotofautiana, unajibu ndiyo, kisha kinasubiri. Upande wa pili, amri ya storage failover show huonyesha namba ya zamani na mpya, na ukishazirejesha diski umiliki hujiandika upya wenyewe. Nawasihi mafundi wenzangu wasiruke hatua ya kuzilinganisha namba hizo.

Alama nilizozizuia ni za njia ya mkono, ile ya amri ya disk reassign katika hali ya matengenezo. Konsoli huonya kwamba kidhibiti mwenza kisiwe kimezishika diski, onyo ambalo ni la lazima kabisa, kisha huuliza kama uhamishaji usitishwe. Anayetaka kuendelea anapaswa kujibu n, ilhali katika swali linalofuata, linalouliza kama anataka kuendelea, anapaswa kujibu y. Kazi hii hufanywa mara nyingi usiku wa manane, na fundi, akiwa amechoka, hastahili kuulizwa maswali yanayopingana namna hiyo. Maswali yote yangeelekea upande mmoja.

Leseni zilizofungwa kwa nodi, yaani kwa kidhibiti kimoja mahususi, nazo zinahitaji kuwekwa upya, na muda wa nyongeza unaoruhusiwa kabla ya kuziweka ni siku 90. Ziombwe siku hiyohiyo kidhibiti kinapobadilishwa.