All American 921: sufuria nzito kwa wanaosindika chakula cha watu wengi

Ukialika watu kumi na wawili, kinachokula muda si kuunga wala kupakua. Ni kusubiri maharage yaive na nyama ilainike. Anayesindika chakula nyumbani, yaani anayekifunga kwenye chupa za kioo na kukipasha moto ili kikae stoo bila kuharibika, huimaliza kazi hiyo miezi kadhaa kabla. Siku ya wageni anafungua chupa, anachemsha, anaunga, kisha anakaa mezani na watu wake badala ya kuwasikia akiwa jikoni. All American 921 imetengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na kwa anayesindika mara nyingi sijui sufuria inayoipita. Kwa anayesindika mara mbili kwa mwaka, ni chuma kingi mno.

Ni sufuria ya presha, na kwa baadhi ya vyakula presha haina mbadala. Jemu, achari ya siki na matunda mengi vina asidi ya kutosha, yaani pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ya 4.6 au chini ya hapo, kwa hiyo maji yanayochemka katika sufuria ya kawaida yanatosha. Maharage, nyama, samaki, supu na mboga zisizotiwa siki hazina asidi hiyo. Ndani yake mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum huvumilia nyuzi joto 100, na zikiachwa katika chupa isiyo na hewa huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo inaweza kuwamo bila kubadili harufu, rangi wala ladha. Ili mbegu hizo zife ndani ya muda unaovumilika, joto linatakiwa lifike kati ya nyuzi 116 na 121. Maji ya sufuria ya wazi hayafiki huko hata yakichemka kutwa nzima.

921 hutengenezwa na Wisconsin Aluminum Foundry ya Manitowoc, Wisconsin, Marekani. Ni ya alumini nene ya kumimina kwenye kalibu, ina ujazo wa lita 20 hivi, na ikiwa tupu ina uzito wa kilo 9 au karibu na hapo. Inabeba chupa 7 za lita moja, au 19 za nusu lita zikipangwa kwa ghorofa mbili. Ikishajaa chupa na maji hupita kilo 20, basi ipange ikiwa tayari juu ya jiko. Usijaze mezani halafu uinyanyue.

Kinachoitofautisha na nyingine ni mdomo wake. Haina mpira wa kuziba. Chuma cha kifuniko kinakaa juu ya chuma cha sufuria, na vibano 6 vya kukaza kwa mkono ndivyo vinavyovibana. Hakuna mpira wa kukauka, kupasuka au kutafutiwa mwingine. Lakini mdomo huo una masharti yake. Pakaa mafuta ya mzeituni au vaselini kidogo sana pale chuma kinapogusa chuma, kwa ncha ya kidole tu, kila unapoanza kazi. Kisha kaza vibano viwili vinavyotazamana kwa pamoja, uhamie jozi inayofuata, ukiangalia kwamba mwanya kati ya kifuniko na sufuria ni sawa pande zote. Ukikaza kimoja hadi mwisho kabla ya mwenzake, kifuniko kitakaa upande, mvuke utavuja, na pengine kitang'ang'ania usiweze kukifungua baadaye. Mvuke kidogo ukitoka ukingoni mwanzoni usishtuke. Ukiendelea baada ya presha kupanda, zima, acha ipoe kabisa, futa mdomo, pakaa upya na ukaze upya. Usiongeze nguvu kwenye vibano wakati presha imo ndani.

Juu ya kifuniko kuna geji, yaani saa ya mshale inayoonyesha presha, na kizibo cha uzito. Watu wengi huikodolea macho geji, ilhali kinachotawala kazi ni kizibo. Kina matundu matatu yaliyoandikwa 5, 10 na 15, yaani paundi kwa inchi ya mraba. Unachagua tundu, unakikalisha juu ya bomba la mvuke, na presha ikifika hapo kizibo kinacheza na kutoa mvuke wa ziada. Kinatakiwa kicheze mara 1 hadi 4 kwa dakika. Kikicheza mfululizo bila kupumzika moto ni mkubwa, na maji ya ndani yanaisha. Kikikaa kimya dakika nzima moto ni mdogo, ongeza kidogo kidogo. Uzuri wa kizibo ni kwamba hakipotezi usahihi kama mshale wa geji unavyoweza kupoteza. Geji yenyewe ina kazi yake: inakuonyesha presha ikipanda, na inakuambia imeshuka hadi sifuri.

Tundu gani? Chini ya mita 305 kutoka usawa wa bahari tumia 10. Ukiwa juu ya hapo tumia 15, kwa sababu kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Muda wa kusindika haubadiliki, kinachobadilika ni presha. Hapa ndipo wengi huchanganya, kwa kuwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka ni kinyume: huko unaongeza dakika.

Hatua inayorukwa kuliko zote, na ambayo ningeomba mtu asiiruke hata akiwa na haraka ya namna gani, ni kutoa hewa. Weka maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7 chini ya sufuria, weka wavu, panga chupa, funga, washa moto bila kuweka kizibo. Subiri mvuke utoke kwenye bomba kama mkanda mnyoofu usiokatika, kisha anza kuhesabu dakika 10. Ndipo uweke kizibo. Hewa iliyobaki ndani huchanganyika na mvuke, na mchanganyiko huo kwa paundi 10 zilezile huwa na joto dogo kuliko mvuke mtupu. Geji itasoma 10, kizibo kitacheza vizuri, na chakula hakitakuwa kimefikia joto linalotakiwa. Hakuna kitakachokuonyesha kosa hilo kwa nje.

Muda unahesabiwa tangu presha ifike mahali pake, si tangu kizibo kiwekwe. Presha ikishuka chini ya kiwango hata kwa dakika moja, irudishe na uanze kuhesabu upya kutoka sifuri. Inauma ikitokea dakika ya 80 kati ya 90, lakini haina njia ya mkato.

Chukua maharage makavu kama mfano, maana ndiyo yanayookoa muda mwingi siku ya wageni. Loweka saa 12 hadi 18, mwaga maji, weka maji mapya, chemsha dakika 30. Jaza kwenye chupa yakiwa bado moto, pamoja na maji yake, ukiacha nafasi ya sentimita 2.5 juu. Chumvi si lazima. Ukiitaka, nusu kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita. Pitisha kijiti cha mbao au plastiki pembeni kutoa mapovu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka kifuniko, kaza pete (ile ya kuzungusha inayokishikilia kifuniko) kwa ncha za vidole tu. Dakika 75 kwa nusu lita, 90 kwa lita moja. Nyama ya ng'ombe ya vipande na kuku asiye na mifupa hufuata dakika hizohizo. Kuku mwenye mifupa ni 65 na 75.

Ile nafasi ya juu na ule ukazaji wa pete si mapambo. Ukijaza hadi juu, chakula kikichemka kitasukuma maji nje, punje au mafuta yatakaa kati ya kioo na kifuniko, na chupa haitashika. Ukikaza pete kwa nguvu zote, hewa ya ndani haina pa kutokea, na kifuniko hujikunja. Mafuta ya nyama nayo yapunguzwe kabla, kwani ndiyo yanayopanda ukingoni.

Lalamiko kubwa la wanaoanza ni chupa kutoka zikiwa na nusu ya maji. Sababu karibu siku zote ni presha kuyumba: moto ukapandishwa na kushushwa ghafla, au sufuria ikalazimishwa kupoa. Muda ukiisha, zima moto na uiache. Kwa sababu alumini yake ni nene, 921 hupoa taratibu, dakika 45 hadi saa nzima, na unene huo unasaidia chupa kubaki na maji yake. Usiimwagie maji baridi, usiinue kizibo kabla geji haijafika sifuri. Ikifika, ondoa kizibo, subiri dakika 10 nyingine, legeza vibano, fungua kifuniko kwa kukiinamishia upande usio wa uso wako. Chupa zilizopungukiwa maji lakini zikashika vizuri ni salama, ila zile zilizopungua zaidi ya nusu ziwekwe kwenye friji na zilwe ndani ya siku chache. Tangu kuwasha moto hadi kutoa chupa, mzunguko mmoja wa chupa za lita moja unakula saa tatu na nusu au zaidi. Mvuke ule wote hukausha maji, kwa hiyo ukianza mzunguko wa pili ongeza maji tena.

Baada ya saa 12 hadi 24 bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisipobonyea, chupa imeshika. Ondoa pete kabla ya kupeleka stoo, kwa sababu pete inaweza kukishikilia kifuniko kilicholegea ukadhani kila kitu ni sawa. Chupa ambayo haikushika unaweza kuisindika upya ndani ya saa 24 kwa kifuniko kipya, au uile. Ziandike tarehe na ule ndani ya mwaka mmoja.

Mezani sasa. Chupa ya lita moja ya maharage ni vikombe 4 hivi pamoja na maji yake. Kwa watu 12 wanaokula na vitu vingine, chupa tatu zinatosha, nne kama ndiyo mboga kuu. Fungua nusu saa kabla ya kula, si baada ya wageni kuketi, kwa sababu chakula cha namna hii huchemshwa kwanza dakika 10 kamili kabla hata ya kuonjwa, na dakika 1 zaidi kwa kila mita 305 za mwinuko. Maharage na nyama vikitoka kwenye chupa huwa laini tayari, basi unga kitunguu na viungo pembeni mpaka vishike, ndipo umimine. Ukikoroga sana punje zitapondeka. Chupa iliyovimba, inayovuja, au inayorusha maji ikifunguliwa haionjwi na mtu yeyote.

Kuna vitu ambavyo hata sufuria hii haiviwezi. Usisindike rojo nzito kama boga lililopondwa, wala mchuzi uliotiwa unga, wali, tambi au maziwa. Joto halipenyi hadi katikati ya chupa kwa muda unaotabirika, na hakuna dakika zilizopimwa kwa ajili yake. Boga linasindikwa likiwa vipande ndani ya maji, unaliponda siku ya kula. Mchuzi unausindika mwepesi, unautia unga ukiwa jikoni.

Kasoro za 921. Uzito nimeutaja, na mwenye mgongo mbovu autafakari kwa dhati. Haifanyi kazi kwenye jiko la induksheni, na mwenye jiko la juu la kioo asome kwanza mwongozo wa jiko lake kuhusu uzito unaoruhusiwa. Vibano 6 vinachukua muda kuliko kifuniko cha kuzungusha. Maji magumu huacha ukungu mweupe juu ya chupa na kuifanya alumini ya ndani kuwa nyeusi. Vijiko 2 vya chakula vya siki nyeupe kwenye maji ya sufuria huondoa tatizo.

Mshindani wake wa karibu ni sufuria ya presha ya Presto ya kwati 23, yaani lita 22 hivi. Inabeba chupa 7 za lita vilevile, ni nyepesi kwa kilo kadhaa, kifuniko chake kinafungwa kwa kuzungusha tu. Ina mpira wa kuziba ambao lazima ukaguliwe na kubadilishwa unapokakamaa, na geji ya mshale inayofaa kupimwa kila mwaka. Ukiitawala kwa geji, anza na paundi 11 hadi mita 610 za mwinuko, si 10. Kwa familia inayosindika mara chache, ningeichagua hiyo bila kusita.

Presha kuka ndogo ya kupikia, au ile ya umeme, haiingii katika mashindano haya. Kwa vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani, sufuria ya kusindikia lazima iweze kubeba angalau chupa 4 za lita zikiwa zimesimama. Ndogo kuliko hapo hupanda na kupoa upesi mno, na dakika za kupanda na kupoa zimo ndani ya hesabu ya usalama.

Ukinunua 921 iliyotumika, pitisha kidole mdomoni mwa kifuniko na mwa sufuria. Ukigusa pengo au mkwaruzo mzito, iache, kwa sababu hakuna mpira wa kuficha kosa hilo. Angalia bomba la mvuke kama linapitisha mwanga, kizibo cha mpira cha usalama kama bado ni laini, na vibano vyote 6 kama vinazunguka bila kukwama. Geji na kizibo cha usalama vinanunuliwa vipya. Mdomo ulioharibika hauna kipuri.