Hita ya Corolla 110 ilikwama kwenye moto, fundi wa Kizota kaimaliza kwa 25,000

Wenye magari ya zamani hapa Dodoma hii naiandika kwa ajili yenu, maana nimeteseka toka mwezi wa tisa. Gari yangu Corolla 110, ile yenye vidude vya kuzungusha kwenye dashibodi, sasa kile cha baridi na moto kikawa kinazunguka tu kilaini, hakishiki kitu, na ndani linapuliza moto muda wote. Saa nane mchana mwezi wa kumi, jua la huku mnalijua, unatoka Ihumwa kuja mjini vioo vyote chini, vumbi lote lako, mtoto siti ya nyuma kalowa jasho mpaka shati limegandia mgongoni.

Nilianzia gereji moja mjini siitaji jina. Wakasema gesi ya AC imeisha, wakajaza, nikalipa 60,000, moto ukabaki palepale. Niliporudi wakasema basi tuziunganishe hizi hozi mbili za hita maji yasipite kabisa. Nikakataa. Joto litaisha kweli lakini mimi mwezi wa sita naenda Njombe kwa wakwe, asubuhi kule bila hita kioo kinajaa ukungu huoni hata boneti, halafu ukiwa unapanda mlima wa Nyang'oro njiani mshale wa joto ukaanza kupanda, ukifungua hita mpaka mwisho inaipunguzia injini joto mpaka upate pa kusimama. Kitu kama hicho huwezi kukiua kisa hutaki kutafuta tatizo liko wapi!

Shemeji ndo akanielekeza kwa huyu fundi, yuko Kizota, chini ya mwarobaini na turubai basi. Hakushika spana kwanza. Akaniuliza, "Dada angu, kinazunguka kilaini au kigumu?" Nikamwambia kilaini, akasema tuanze na waya, ule unaovutwa na kidude ukikizungusha. Akafungua boneti akanionyesha pale kwenye bati nyuma ya injini, hozi mbili zinapeleka maji ya moto kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi, na kwenye hozi moja kuna valvu ina kimkono. Mimi nikazungusha kule ndani, yeye anamulika na tochi ya simu. Kimkono kimetulia tuli. Akakisukuma kwa kidole, baada ya dakika chache hewa ndani ikaanza kupoa, mi nikakaa pale nimeweka kiganja kwenye tundu la hewa siamini.

Alipotoa redio na paneli tukaona. Klipu inayobana ganda la waya imekatika, plastiki imekauka kwa umri, kwa hiyo ukizungusha waya unaenda na ganda lake, kule mwisho hakuna kinachovutwa. Akatafuta klipu ya chuma kwenye dashibodi kuukuu aliyonayo, akapaka waya oili, halafu hapa ndo nilimpenda: akaweka kidude mwisho kabisa wa baridi, akafunga kimkono mpaka mwisho, ndo akabana. Anasema ukibana ovyo valvu inafunga nusu na unabaki na hewa ya uvuguvugu.

Jumla 25,000 na klipu humo humo. Kidude sasa kina uzito, unasikia kabisa kinavuta kitu.

Ila foleni ni ndefu, nilifika saa tatu nimeondoka saa tisa, na pa kukaa ni ndoo tu. Halafu usiku nikakuta taa ya redio haiwaki, kurudi kesho yake kumbe plagi haikuchomekwa, akachomeka bure akaniomba radhi. Kwa hiyo mkienda wahini asubuhi, bebeni maji ya kunywa, na kabla hamjalipa mwambieni awashe taa zote za dashibodi mzione. Jumapili hafungui.